Wanataka Kumtoa Mtoto Kipande cha Nyama cha Kupimwa Mara ya Pili. Nikubali?

Sista, hujambo? Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nyalenda hapa Kisumu na nauza omena na mboga kando ya Ring Road. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwangu hatulali na hatuelewani.

Mtoto wangu wa pili, mvulana, ana miezi minne. Tangu azaliwe tumbo lake halijawahi kutulia. Alizaliwa Jumapili, choo cha kwanza akakipata Jumatano, tena kidogo tu. Kliniki waliniambia watoto wanaonyonya huweza kukaa siku kadhaa bila choo, nisiwe na wasiwasi. Lakini huyu tumbo linajaa mpaka ngozi inang'aa na mishipa inaonekana, halafu anatapika, wakati mwingine matapishi ya kijani. Jirani yangu alinifunza kupaka kidole mafuta na kumwingizia kidogo nyuma. Nikifanya hivyo, hewa na kinyesi vinaruka kwa nguvu mpaka kwenye leso yangu. Tumbo linashuka, kesho yake limejaa tena. Wenzake waliozaliwa wiki moja naye wamenona, yeye mikono imebaki myembamba.

Mwezi uliopita tulilazwa. Walimwekea dawa nyeupe kwa nyuma huku wakimpiga picha za eksirei, na daktari akasema huenda sehemu ya mwisho ya utumbo wake haina neva, ugonjwa unaoitwa Hirschsprung. Akasema ili wawe na hakika lazima watoe kinyama kidogo kikapimwe. Tulikubali, tukakopa, tukalipa. Tulingoja majibu mpaka tukachoka. Karatasi iliporudi imeandikwa kwamba sampuli haitoshi, haiwezi kutoa uamuzi. Sasa wanataka kutoa tena, na safari hii wamlaze kwa nusukaputi.

Baba Akinyi amekataa kabisa. Binamu yake alitolewa kinyama kwenye uvimbe wa shingo, na hata haukupita muda tukamzika. Anasema kisu ndicho kilichoichokoza saratani, na kwamba hawa madaktari wanashuku saratani ila hawataki kutuambia. Mama mkwe yeye anasema hii ni chira, kuna mwiko tulivunja, na pia ananilaumu kwa odowa, ule udongo wa kutafuna, niliyokula nikiwa na mimba. Anataka nimpeleke mtoto Siaya akapewe manyasi, dawa ya miti ya kuondoa chira, kwanza, hospitali baadaye.

Sista, picha peke yake haitoshi kweli? Mtoto anasikia uchungu? Na nikienda Siaya kwa muda mfupi tu, kuna ubaya gani?

Mama Akinyi, Kisumu

Nimesahau kukuambia: tangu juzi ameanza kuhara sana, maji yenye harufu mbaya, na ana joto mwilini. Tumbo bado limejaa. Mama mkwe anasema ni dalili nzuri, tumbo limeanza kufunguka.

*

Mama Akinyi, pole sana. Nilipofika kwenye yale maneno ya mwisho uliyoongeza niliiweka barua chini nikakupigia simu, kwa sababu jambo lile halikuweza kungoja zamu yake kwenye safu hii. Nashukuru mlikwenda idara ya dharura jioni ile ile. Nashukuru zaidi kusikia kwamba mtoto amewekewa dripu na dawa za kuua viini, anasafishwa utumbo, na joto limeshuka. Niruhusu nianzie hapo, kwa ajili ya mama mwingine anayesoma haya akiwa na mtoto wa namna hiyo mapajani.

Mtoto ambaye siku zote hapati choo akianza kuhara ghafla, nyumba nzima hufurahi. Kwa mtoto anayeshukiwa kuwa na Hirschsprung, hiyo ndiyo saa ya kukimbia. Kinyesi kilichokwama kwa muda mrefu hulea bakteria, ukuta wa utumbo unavimba na kuumia, na sumu inaweza kuingia kwenye damu. Madaktari huuita uvimbe huo enterokolaitisi, na ndio unaoua watoto wenye ugonjwa huu kuliko kitu kingine chochote. Dalili zake ni zile ulizoziandika bila kujua uzito wake: tumbo lililojaa, joto, kuhara kunakonuka kupita kawaida. Ongeza kutapika kijani, mtoto kulegea na kukataa titi. Hapo usikae nyumbani ukimpa maji ya ORS ukingoja kuche. Nenda, na ukifika mlangoni sema waziwazi, "Mtoto huyu anashukiwa kuwa na Hirschsprung," ili asiwekwe kwenye foleni ya watoto wenye kuhara kwa kawaida.

Sasa nije kwa kinyama, ambacho ndicho kimewagombanisha.

Chakula hakishuki tumboni kwa uzito wake. Utumbo husukuma: sehemu moja inakaza, inayofuata inalegea, na hivyo mpaka mwisho. Kazi hiyo inaongozwa na seli za neva zilizomo ndani ya ukuta wa utumbo wenyewe, ziitwazo seli za ganglioni. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, kati ya wiki ya 5 na ya 12 hivi ya mimba, seli hizi husafiri kutoka juu kuelekea chini mpaka zifike karibu na njia ya haja kubwa. Kwa mtoto mmoja kati ya takriban 5,000, safari hiyo inakatika kabla ya kufika. Sehemu ambayo seli hazikufika inabaki imekaza, hailegei, na kila kitu kinarundikana juu yake. Kwa watoto wengi, kama 8 kati ya 10, sehemu iliyokosa ni ile ya mwisho kabisa ya utumbo mpana. Wavulana hupata mara nne hivi kuliko wasichana. Wenye ugonjwa wa Down pia huupata zaidi ya watoto wengine.

Kwa hiyo odowa haihusiki. Daktari wa kliniki ya wajawazito anaweza kuwa na sababu zake za kukukataza odowa, lakini seli hizi hazikukatika njiani kwa sababu ya udongo ulioutafuna, wala kwa kazi uliyofanya, wala kwa neno ulilosema. Wiki ya 5 ya mimba wanawake wengi hata hawajajua kwamba wana mimba. Naomba uyasome maneno haya mara mbili, kwa maana nimewaona akina mama kwenye wodi ya watoto kule Nakuru wakibeba lawama ya namna hii kwa miaka, hata baada ya mtoto kupona na kuanza shule.

Umeuliza kama picha haitoshi. Picha ile ya bariamu, yaani ile dawa nyeupe, ina kazi yake. Inaweza kuonyesha utumbo mwembamba chini na uliotanuka juu, na mahali vinapokutana. Lakini kwa watoto wachanga, hasa wiki za kwanza, inaweza kuonekana ya kawaida kumbe ugonjwa upo, kwa sababu utumbo bado haujapata muda wa kutanuka. Na utumbo unaweza kutanuka kwa sababu nyingine. Picha inaonyesha umbo tu, na seli hazionekani kwenye eksirei.

Umbo hilo limewahi kuwadanganya hata mabingwa. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, mwaka 1886 alieleza habari za watoto wawili waliokufa, utumbo mpana wao ukiwa umetanuka ajabu. Yeye na waliomfuata waliamini kwamba ile sehemu kubwa, nene, iliyojaa, ndiyo mgonjwa. Kwa miongo kadhaa wapasuaji waliishughulikia sehemu hiyo na watoto hawakupona. Ukweli ulikuwa kinyume: ile iliyotanuka ndiyo nzima, imechoka tu kwa kusukuma dhidi ya kizuizi. Mgonjwa ni ile nyembamba ya chini, ambayo kwa macho inaonekana haina tatizo. Wapasuaji Orvar Swenson na Alexander Bill walipochapisha mwaka 1948 upasuaji wa kuondoa sehemu ile ya chini na kushusha utumbo wenye afya mahali pake, ndipo watoto walianza kupona kweli. Ndiyo maana leo hakuna mpasuaji makini anayekubali kumkata mtoto utumbo kwa kutegemea picha peke yake. Kinyama ndicho kinachosema seli zipo au hazipo, na hakuna kipimo kingine kinachoshika nafasi hiyo.

Baba Akinyi, sehemu hii naomba uisome wewe mwenyewe. Pole kwa kumpoteza binamu yako. Naelewa kwa nini neno "kinyama" linakutisha. Kenya hii wengi wetu tumelisikia kwa mara ya kwanza kwenye habari za saratani. Lakini kutoa kinyama ni njia ya kuangalia, na kinaangaliwa kwa magonjwa mengi ambayo si saratani. Kwa mwanao hakuna anayetafuta uvimbe. Daktari wa patholojia, yule anayepima vinyama kwa hadubini, anatafuta seli ambazo zilipaswa kuwepo tangu kuzaliwa. Kuhusu binamu yako, mara nyingi mtu hupimwa ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali, kifo kikafuata kipimo kwa karibu, na macho yetu yakaviunganisha. Una haki kabisa ya kumuuliza daktari uso kwa uso, "Mnatafuta nini kwa mtoto wangu?" Muulize mkiwa wawili, wewe na mama yake, akujibu kwa Kiswahili au Dholuo mpaka uridhike.

Mama Akinyi, turudi kwa ile karatasi. "Sampuli haitoshi" ni jibu tofauti kabisa na "hakuna seli zilizoonekana", na watu huyachanganya haya mawili kwa hasara kubwa. La kwanza maana yake hawakupata mahali pa kutosha pa kuangalia. La pili maana yake wameangalia pa kutosha na hawakuziona. Mtoto hafanyiwi upasuaji kwa jibu la kwanza, wala haambiwi ni mzima kwa jibu hilo. Waombe wakusomee mstari wa mwisho wa ripoti polepole, na uombe nakala yako.

Fikiria unavyochambua maharagwe kwenye ungo. Kusema kuna mawe ni rahisi. Jiwe moja ukiliona, umemaliza. Kusema hakuna hata moja, lazima uwe umeyapitia yote. Ndivyo ilivyo kwa kinyama hiki. Seli moja ya ganglioni ikionekana vizuri, mahali pale Hirschsprung imeondolewa kwenye mazungumzo. Lakini ili aandike kwamba hazipo, daktari wa patholojia lazima akate kinyama kile vipande vyembamba sana, makumi kwa makumi, avitie rangi na kuvipitia kwa hadubini kimoja kimoja. Kwa watoto wachanga kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu seli zao bado ni ndogo, hazijakomaa, na zinafanana na nyingine. Daktari aliyeandika "haitoshi" alikataa kubahatisha na utumbo wa mwanao. Mimi namheshimu kwa hilo.

Kwa nini basi haikutosha? Sababu za kawaida ni mbili. Ya kwanza ni kina. Ukuta wa utumbo una matabaka. Lile la ndani, laini, lenye ute, halina seli hizi. Ziko kwenye tabaka lililo chini yake, submukosa, na nyingine ndani zaidi kati ya misuli. Kinyama kikichukua lile lenye ute tu, hata kikiangaliwa mwaka mzima hakitajibu swali. Ya pili ni mahali. Karibu kabisa na njia ya haja kubwa, kwa sentimita 1 au 2 hivi, kila binadamu ana seli chache, hata aliye mzima. Kinyama kikitolewa chini mno kinaweza kufanana na ugonjwa ambao haupo. Kwa hiyo hutolewa juu kidogo ya hapo, sentimita 2 hadi 3 juu ya mstari ambapo ngozi inakutana na utumbo. Kwa mtoto wa miezi minne, nafasi ya kufanyia kazi ni ndogo mno. Kurudia kipimo hiki hutokea hata penye mikono hodari.

Kuna njia mbili za kukitoa, na nadhani mmeombwa kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Ya kwanza ni kifaa chembamba kinachovuta kipande cha ukuta kwa hewa na kukikata, milimita 3 hivi kwa upana. Helen Noblett, mpasuaji wa watoto, alikieleza mwaka 1969, na mpaka leo madaktari hutumia vifaa vya namna hiyo kwa watoto wachanga wakiwa kitandani tu, bila nusukaputi. Hapo ndipo jibu la swali lako kuhusu uchungu lilipo. Juu ya ule mstari niliousema, utumbo hausikii kukatwa jinsi ngozi inavyosikia. Mtoto hulia kwa kushikwa miguu na kuingiziwa kifaa, na akishawekwa titini mara nyingi hutulia. Ya pili ni kukata kipande kinachopita mpaka kwenye msuli, kwa wembe wa upasuaji, kisha kidonda kinashonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Hii hufanywa mtoto akiwa mkubwa kidogo, au pasipokuwa na kile kifaa, au kifaa kilipokosa kupata tabaka la kutosha. Hii ndiyo inayohitaji nusukaputi, na ndiyo inayompa daktari wa patholojia nyama ya kutosha ya kuangalia, pamoja na zile seli zilizomo kati ya misuli.

Je, ina hatari? Ipo, na mwambiwe kabla ya kutia sahihi. Inaweza kutoka damu, kuingia viini, au mara chache sana utumbo ukatoboka. Nusukaputi nayo ina hatari zake kwa mtoto mdogo, ndiyo maana mtaulizwa mengi kuhusu kifua, mafua na jinsi alivyozaliwa. Kama kwenu au kwa mumeo kuna anayetokwa na damu isiyokatika, sema. Kama mtoto amekwisha kunyweshwa dawa yoyote ya miti, sema pia, hata mama mkwe akiwa amesimama hapo, maana daktari hakuulizi ili akugombeze. Watakupangia saa ya kuacha kunyonyesha. Kwa maziwa ya mama kawaida ni muda wa saa 4 kabla. Usimpe hata tone kwa kumhurumia, kwa sababu maziwa yakipanda akiwa amelala yanaweza kuingia mapafuni.

Baada ya kipimo, michirizi midogo ya damu kwenye nepi kwa siku moja hivi ni ya kawaida. Damu inayoendelea kutoka, joto, au tumbo linalojaa na kukaza si ya kawaida, mrudishe saa hiyo hiyo. Usimwingizie kitu chochote nyuma, si kidole, si kipimajoto, si kipande cha sabuni, mpaka daktari aliyemkata aseme sasa ruhusa.

Na kile kidole cha jirani, mama, kiache hata bila kipimo. Najua kilimpa mtoto nafuu na wewe ukapata kulala kidogo. Kucha hukwaruza, na utumbo uliotanuka una ukuta dhaifu. Lakini ile habari ya hewa na kinyesi kuruka kwa nguvu mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, kwa kuwa ni dalili wanayoijua na inawasaidia. Badala ya kidole, waombe wauguzi wakufundishe kumsafisha utumbo kabla hamjatoka wodini. Hutumia mpira laini na maji ya chumvi ya hospitali, yaliyopashwa joto kidogo, kwa kiasi kinachokokotolewa kwa kilo za mtoto, na yale yanayoingia lazima yaonekane yakitoka. Maji matupu ya bomba hayafai, wala ya sabuni: utumbo mpana huyafyonza na chumvi ya mwili ikashuka mpaka mtoto akapata degedege. Fanya mbele ya muuguzi mpaka aseme umeweza.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi hawaambiwi. Hospitali nyingine humpa mzazi kichupa chenye kinyama akipeleke maabara mwenyewe, pengine ng'ambo ya mji. Ikitokea hivyo, soma lebo hapo hapo kabla hujaondoka: jina la mtoto, namba yake, tarehe, na mahali kinyama kilipotolewa. Kama kimo kwenye formalini, yale maji yenye harufu kali yanayowasha macho, usiyamwage, usiongeze maji, usiweke kwenye friji ya barafu. Kipeleke siku hiyo hiyo na upewe karatasi ya kuthibitisha wamekipokea. Muulize daktari pia maswali haya: sampuli ya kwanza ilikosea kina au mahali? Safari hii mtatoa vipande vingapi? Nani atavisoma, na amezoea vinyama vya watoto? Maabara nyingine, juu ya rangi za kawaida, zina rangi ya kalretinini, inayosaidia sana pale ambapo seli zenyewe ni ngumu kuzitambua. Pia wao huangalia kama kuna neva zilizonenepa, zaidi ya mikromita 40 (milimita 0.04), kwa sababu seli zikikosekana neva za namna hiyo huonekana mara nyingi.

Mkitaka maoni ya pili, kile kinyama cha kwanza hakikutupwa. Kinahifadhiwa ndani ya kipande cha nta, na mnaweza kuomba kisomwe na mtaalamu mwingine. Lakini ikiwa tabaka lenye seli halimo, msomaji wa pili naye hataliona. Katika hali yenu ningetumia pesa kwenye kipimo kipya.

Kuhusu pesa, muulize kwa adabu kama mtatozwa tena gharama yote ya maabara kwa kipimo ambacho hakikutoa jibu. Ni swali la haki. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF kwenye bima ya afya ya serikali Oktoba 2024, nimeona wazazi wengi wanafika dirishani mtoto mchanga hajaandikishwa chini yao, kwa hiyo shughulikieni hilo sasa kabla ya siku ya kipimo. Pitieni pia ofisi ya huduma za jamii ya hospitali. Kama hapo mlipo hakuna mpasuaji wa watoto, ombeni barua ya rufaa. Eldoret ipo Hospitali ya Rufaa ya Moi, ambayo tangu 2015 ina hospitali yake ya watoto, Shoe4Africa, na Kijabe nako wana huduma ya upasuaji wa watoto inayojulikana.

Siaya. Hapa sitazunguka. Usimpeleke sasa, hata kwa muda mfupi. Mtoto ametoka tu kwenye enterokolaitisi, na inaweza kurudi usiku mmoja tu, mkiwa mbali na waliomtibu. Manyasi ya kunywa yataingia kwenye utumbo usiosukuma yakakaa humo. Ya kuingizwa nyuma yanaweza kuutoboa. Lakini mama mkwe wako anampenda mjukuu wake, na sitaki umrudishie maneno makali. Mwite yeye aje Kisumu. Kama kuna maombi au neno la wazee la kusemwa juu ya mtoto, lisemwe wodini, mradi hakuna kinachoingia mdomoni wala nyuma. Mpe pia kazi ya kweli: Akinyi atabaki na nani mkiwa hospitalini? Mbona asiwe bibi yake? Nimeona bibi aliyepinga akawa ndiye anayelinda kadi ya hospitali isipotee.

Seli zikionekana, madaktari watatafuta sababu nyingine, pamoja na kupima tezi ya shingoni ambayo ikifanya kazi polepole huleta kufunga choo. Seli zisipoonekana, atahitaji upasuaji. Watoto wengine hufanyiwa mara moja. Wengine, hasa waliodhoofika au wenye utumbo uliotanuka sana, hutolewa kwanza njia ya choo tumboni kwa muda, kisha utumbo unashushwa akishanenepa. Ndani ya upasuaji wenyewe watatoa vinyama vingine wakipanda juu, ili wajue seli zinaanzia wapi, kwa sababu kama nilivyosema macho hayaoni. Baadaye kutakuwa na choo cha mara kwa mara na vidonda vya nepi kwa muda, na hata baada ya upasuaji enterokolaitisi inaweza kurudi, kwa hiyo zile dalili usizisahau. Wengi wao hukua, hula, husoma na kucheza na wenzao.

Kwa wasomaji wengine: si kila mtoto anayekaa siku tatu bila choo anahitaji kukatwa kinyama. Anayenyonya maziwa ya mama tu, tumbo lake laini, anaongeza uzito na choo kikija ni laini, mara nyingi hana neno. Swali kubwa ni lile Mama Akinyi alilolijibu bila kuulizwa, la choo cha kwanza cheusi. Watoto zaidi ya 9 kati ya 10 waliozaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi yake hukitoa ndani ya saa 24, na karibu wote ndani ya saa 48. Mtoto akivuka hapo, iandikwe kwenye kitabu chake cha kliniki na aonwe na daktari, hata kama anaonekana mchangamfu.

Mama Akinyi, jibu langu kwa swali lako la juu kabisa ni ndiyo, kubali, mara atakapotulia vya kutosha daktari aridhike. Mwende na Baba Akinyi, na ile ripoti ya kwanza muibebe ili daktari mpya asianze upya. Majibu yakitoka niandikie, hata yakiwa ni yale usiyoyataka, tuyasome pamoja.